Anwani Isiyo na Jina



Juma hili nataka tuzungumze juu ya anwani. Sisemi ile anwani tuliyofundishwa shuleni kuiandika juu ya barua, upande wa kulia, pamoja na tarehe. Nasema juu ya anwani za pochi za fedha za mtandaoni, yaani Bitcoin na ndugu zake. Najua wako watakaosema, "Karani, mambo hayo ni ya watu wa mjini. Sisi tuna kahawa yetu na mahindi yetu." Nami nilidhani hivyo hivyo, mpaka siku mzee mmoja wa huku kwetu aliponijia ofisini na karatasi mkononi.

Ilikuwa mwezi wa Oktoba mwaka jana, wakati kila mtu anatafuta mbolea kabla ya mvua. Mzee huyo ana mtoto wake Afrika Kusini, huko walikokwenda vijana wengi wa Mbozi na Tunduma kutafuta maisha. Mtoto akamwandikia katika simu: "Baba, fedha ya mbolea nitakutumia kwa njia mpya, maana njia za kawaida huku zinakata makato makubwa. Nipe anwani." Mzee akafurahi. Akamwamuru mjukuu wake aandike jibu: jina lake kamili, kwa mkono wa parokia, sanduku la posta, Vwawa.

Mtoto akacheka kwanza, kisha akaeleza. Akamwambia yule mjukuu, mwanafunzi wa kidato cha tatu, afungue pochi katika simu janja ya shangazi yake. Mjukuu akafanya, tena akawa na bidii kupita kiasi. Alichukua karatasi ya daftari, akaandika juu yake herufi na tarakimu mfululizo, bila nafasi, zisizosomeka kama neno lolote la lugha yoyote. Chini yake akaandika maneno 12 ya Kiingereza, kila neno na namba yake. Akampa babu: "Hii hapa, usiipoteze."

Basi mzee hakuipoteza. Alitembea nayo. Alimwonyesha mwenye duka la simu, akamwonyesha mwendesha bodaboda, akamwonyesha na kijana mmoja aliyesema ayajua sana mambo hayo, ambaye aliipiga picha kwa simu yake "ili aitazame vizuri". Mwisho akaja kwangu.

"Shikamoo, baba," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Wewe umesomea ualimu. Hebu nisomee hii, maana kila ninayemwonyesha anasema lake."

Nilitazama, nikaona haya. Sikujua hata pa kuanzia. Nikamwomba aniachie nakala, arudi baada ya siku mbili. Usiku ule na uliofuata nilisoma, nikampigia simu yule mtoto wake, nikauliza, nikasoma tena. Niliyoyapata nawaletea ninyi, maana asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na huenda kesho karatasi ya namna hii ikafika nyumbani kwenu.

SANDUKU NA UFUNGUO

Mzee hakukosea sana alipofikiri juu ya sanduku la posta. Ni mfano mwema kuliko mingi niliyoisoma. Sanduku lina namba, na namba yake si siri. Waweza kumpa rafiki, waweza kuibandika mlangoni. Mtu yeyote aweza kutumbukiza barua humo. Lakini kuifungua na kuitoa barua, hapo sharti uwe na ufunguo.

Anwani ya pochi ni kama namba ile ya sanduku. Ni mahali pa kupokelea. Kumpa mtu anwani yako si kumpa fedha yako. Ufunguo ni kitu kingine kabisa, nao ni tarakimu moja kubwa mno, ambayo ukiiandika kwa kawaida yaweza kufika tarakimu 78. Hakuna mtu awezaye kuikumbuka. Kwa hiyo mafundi wakatunga njia ya kuigeuza kuwa maneno mepesi, 12 au 24, yaliyotolewa katika orodha maalumu ya maneno 2,048. Maneno yale 12 ya mjukuu, wasomaji wapenzi, hayakuwa maelezo ya anwani. Yalikuwa ufunguo wenyewe. Mtu yeyote, popote duniani, akiyaandika kwa taratibu yake katika simu yake, sanduku hufunguka mbele yake kama lake.

Mtauliza, je, mtu hawezi kuutafuta ufunguo kwa kuitazama anwani? La, hawezi. Anwani hutengenezwa kutoka katika ufunguo kwa hesabu ya kwenda mbele tu. Sisi wa Mbozi twaelewa vizuri jambo hili. Buni ikikobolewa, ikakaangwa, ikasagwa, yapata kuwa unga wa kahawa. Lakini hakuna mashine ya kuurudisha unga ule uwe buni tena. Vivyo hivyo ufunguo mmoja watoa anwani ile ile siku zote, lakini anwani haiutoi ufunguo. Kwa hiyo anwani yaweza kuonyeshwa mchana kweupe, na ufunguo hauonyeshwi hata usiku.

DAFTARI LA WATU WOTE

Sasa, fedha yenyewe iko wapi? Hapa wengi hupotea, hata vijana wenye simu kubwa. Fedha haimo katika simu. Haimo hata katika pochi, ingawa imeitwa pochi. Imeandikwa katika daftari.

Daftari hilo huitwa blokicheni. La Bitcoin lilianza tarehe 3 Januari 2009, na aliyelianzisha alijiita Satoshi Nakamoto, jina ambalo mpaka leo mwenyewe hajulikani. Takriban kila dakika kumi ukurasa mpya huongezwa, na kila ukurasa hubeba alama iliyopigwa kwa hesabu kutoka ukurasa uliotangulia. Ukifuta neno moja katika ukurasa wa zamani, alama zote za mbele hazilingani tena, na udanganyifu wajulikana mara. Tena nakala za daftari hilo zimo katika maelfu ya mashine duniani, wala haliko katika kabati la ofisi moja.

Sisi makarani twajua thamani ya daftari lisilofutwa. Wahenga nao walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Lakini daftari hili lina tofauti moja kubwa na madaftari yetu yote. Daftari la chama cha ushirika huandika jina la mkulima, kilo zake na fedha yake. Daftari la blokicheni huandika: anwani hii imeipa anwani ile kiasi hiki, saa hii. Basi. Jina la mtu halimo. Kila mtu aweza kulisoma, tangu ukurasa wa kwanza, wala hakuna aonaye uso wa mtu ndani yake.

Yuko mtu mmoja wa Newport, katika nchi ya Wales, aitwaye James Howells. Mwaka 2013 kifaa cha kompyuta kilichokuwa na funguo zake kilitupwa jalalani kwa bahati mbaya. Asema zilikuwa bitcoin zipatazo 8,000. Alipigania miaka mingi apewe ruhusa ya kulichimbua jalala, na Januari 2025 mahakama ikaitupilia mbali kesi yake. Fedha ile haikuungua wala kuibwa. Imeandikwa katika daftari, kila mtu yuaiona, ila hakuna wa kuitoa, maana ufunguo umezikwa chini ya takataka. Hivyo ndivyo ilivyo pochi: ni ufunguo, si fedha.

JINSI YA KUISOMA ANWANI

Turudi kwenye karatasi ya mzee. Mstari wa juu ulianza kwa herufi T. Kwa hiyo nilijua ni anwani ya mtandao uitwao Tron, maana anwani zake za kawaida huanza kwa T na jumla yake ni alama 34. Nikahesabu zile za mjukuu kwa ncha ya kalamu. Zilikuwa 33. Nikahesabu tena. 33.

Kisha nikaona kosa la pili. Mjukuu alikuwa ameandika sifuri mahali pawili. Kumbe anwani za namna ile hazina sifuri kamwe. Tukijumlisha tarakimu 10, herufi kubwa 26 na ndogo 26, twapata alama 62. Waliotunga anwani hizi waliziondoa nne zinazochanganya macho: sifuri, O kubwa, I kubwa, na l ndogo. Zikabaki 58. Tena herufi kubwa na ndogo hazilingani hata kidogo; a ndogo na A kubwa ni alama mbili mbalimbali.

Je, kama mtoto angetuma kwa anwani ile yenye makosa? Hapo fundi aliwafikiria wanadamu. Sehemu ya mwisho ya anwani ni kipimo kilichohesabiwa kutokana na sehemu iliyotangulia, kama vile mwalimu wa hesabu anavyojumlisha safu kwenda chini, kisha akaijumlisha kwenda juu kuhakikisha. Anwani ikiandikwa vibaya, kipimo hakilingani, na programu yakataa. Nafasi ya kosa la bahati mbaya kupita bila kukamatwa ni moja katika zaidi ya bilioni 4. Kwa hiyo kosa la kalamu si adui mkubwa. Adui mkubwa ni anwani iliyo sahihi, lakini si ya mtu unayemkusudia.

Yafaa kuzijua anwani za aina nyingine kwa sura zake. Anwani za Bitcoin huanza kwa 1, au kwa 3, au kwa bc1. Za Ethereum huanza kwa sifuri na x, yaani 0x, zikifuatwa na alama 40, na hizo zaweza kuwa na sifuri. Hapa pana mtego. Mitandao mingine, kama BNB na Polygon, hutumia anwani za sura ile ile ya 0x. Ni kama mtu akuulize, "Unatumia mtandao gani wa simu?" nawe ukamjibu namba tu. Fedha iitwayo USDT, ambayo imetungwa ili thamani yake iende sawa na dola ya Marekani, husafiri katika Tron, katika Ethereum na katika mingine kadhaa. Atumaye na apokeaye sharti wapatane kwanza ni mtandao gani. Ukikosea, kama ufunguo ni wako mwenyewe, mara nyingi fedha yaweza kupatikana kwa kutazama upande wa pili. Lakini kama anwani ni ya kampuni iliyokutunzia, huenda usiione tena.

DOLA 20 ZA MAJARIBIO

Usiku wa pili, nilipofika katika habari ya maneno 12, kalamu ilinianguka. Nilikumbuka safari ya ile karatasi: dukani, kwenye bodaboda, mbele ya kamera ya simu ya mtu tusiyemjua. Sanduku na ufunguo vilikuwa katika karatasi moja, na karatasi ilikuwa imetembezwa kijiji kizima.

Asubuhi nilipanda baiskeli mpaka kwa mzee. Nikamkuta mjukuu anafurahi. "Karani, imefika! Baba mdogo ametuma dola 20 za majaribio jana usiku." Kumbe hawakuitumia karatasi yenye makosa. Mjukuu alikuwa ameinakili anwani moja kwa moja kutoka katika simu na kuituma, kama inavyotakiwa. Kwa hilo alifanya vizuri.

Nikamwambia afungue pochi. Akafungua. Palikuwa sifuri.

Tukalitazama daftari, lile la watu wote. Tuliona kila kitu wazi kabisa. Dola 20 ziliingia saa mbili usiku. Haikutimia saa moja, zikatoka kwenda anwani nyingine inayoanza kwa T. Tuliiona anwani ile yote, alama zake 34, hakuna iliyofichwa. Mzee akainama juu ya kioo cha simu, akavaa miwani.

"Haya, mwizi si huyu hapa? Mmemwona. Anaitwa nani?"

Nikamjibu, "Baba, hana jina."

"Basi tumpigie mwenye mtandao airudishe."

"Mtandao huu hauna mwenyewe wa kupigiwa simu airudishe, baba."

Mzee akanyamaza kitambo. Nami nilikuwa na haya, maana karatasi ilikaa mezani kwangu siku moja na usiku wake kabla sijaelewa. Wala sisemi kwamba mwizi ni yule kijana aliyepiga picha. Walioiona ni wengi, ushahidi sina, na kumsingizia mtu ni kosa baya kuliko kupoteza dola 20. Lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Linganisheni na njia tuliyoizoea. Tangu mwaka 2008, M-Pesa ilipoanza hapa Tanzania, tumejifunza kutazama jina kabla ya kukubali. Waandika namba, jina latokea. Ukiona si lake, waacha. Ukikosea, wapiga simu upesi, na kama aliyepokea hajaitoa, yaweza kuzuiliwa. Namba ya siri ikijulikana, waibadilisha siku hiyo hiyo. Katika blokicheni jina halitokei, malipo yakishaandikwa hayarudishwi ila kwa hiari ya aliyepokea, na maneno yale 12 hayabadiliki. Dawa yake ni moja tu: kufungua pochi mpya yenye maneno mapya, kuihamishia fedha yote iliyobaki, na kuiacha ile ya zamani milele.

SHERIA YASEMAJE?

Msije mkasema karani amewafundisha jambo bila kuwaambia sheria. Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kwamba fedha hizi hazitambuliwi kisheria nchini, na kwamba shilingi ndiyo fedha halali. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliiambia Benki Kuu ianze kujiandaa kwa mabadiliko haya. Kisha Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 katika malipo ya kuhamisha au kubadilishana mali za kidijitali. Lakini kutozwa kodi si sawa na kuwa fedha halali. Ukidhulumiwa, usitazamie kusaidiwa upesi kama aliyedhulumiwa shilingi zake benki.

Wala sisemi kwamba wote wanaotumia ni wapumbavu au wezi. Huko Kibera, Nairobi, tangu mwaka 2022 wako vijana wazoa taka waliolipwa kwa Bitcoin, na wachuuzi wa mboga wakaanza kuipokea. Mtoto wa mzee wetu naye alikuwa na sababu. Kutuma fedha kutoka Afrika Kusini ni ghali kuliko kutoka nchi nyingi, na Benki ya Dunia imelisema jambo hilo mara nyingi. Kijana anayefanya kazi ngumu akitaka makato yasile mbolea ya baba yake, nani atamlaumu?

MAMBO YA KUSHIKA

Basi, kwa nyumba itakayofikiwa na karatasi ya namna hii, shikeni haya.

Kwanza, tenganisheni sanduku na ufunguo. Anwani mpeni anayetuma. Maneno 12 msimpe mtu yeyote: si fundi, si mwenye duka, si anayesema anatoka katika kampuni, wala karani wa parokia. Anayeyaomba ndiye mwizi, hata akiwa na sauti tamu. Yaandikwe kwa wino katika karatasi ya peke yake, yatunzwe pale inapotunzwa hati ya shamba, wala yasipigwe picha.

Pili, anwani isiandikwe kwa mkono. Inakiliwe katika simu na kubandikwa, au anayetuma aipige picha ile michoro ya miraba myeusi. Baada ya kuibandika isomwe tena, maana ziko programu za wizi zinazobadili anwani wakati wa kunakili.

Tatu, isomwe yote, si mwanzo na mwisho tu. Mei 2024 mtu mmoja katika mtandao wa Ethereum alipoteza zaidi ya dola milioni 60 kwa kosa hilo. Mwizi alikuwa ametengeneza anwani iliyofanana na ile halali mwanzoni na mwishoni, akaipenyeza katika orodha ya miamala ya yule mtu, naye akainakili kutoka humo bila kusoma katikati. Baadaye mwizi alirudisha sehemu kubwa, lakini wezi wa namna hiyo ni wachache.

Nne, ulizeni mtandao gani, na mtume kidogo kwanza. Kikifika kidogo, na mwenyewe akikiri kwa sauti yake mwenyewe katika simu, ndipo mtume kilichobaki. Kile kiasi kidogo cha majaribio ndicho kilichomwokoa mzee wetu. Angetumiwa yote, yote yangekwenda.

Tano, mtu akiwapa anwani na kusema, "Tuma hapa, baada ya siku saba utapata mara mbili," kumbukeni DECI ya mwaka 2009, jinsi watu walivyoambiwa wapande fedha kama mbegu. Sura imebadilika, shamba ni lile lile. Tofauti ni kwamba wa DECI walikuwa na ofisi, wakaonekana, wakafikishwa mahakamani. Anwani haina ofisi.

Mwisho wa habari ya mzee ni huu. Mtoto alisikitika sana. Akataka kufungua pochi nyingine, afundishe upya, atume tena. Mimi nilikuwa tayari kusaidia, maana sasa nilijua. Lakini mzee akaomba simu, akasema na mtoto wake kwa sauti ya juu, kama wasemavyo wazee wakizungumza na mtu wa mbali.

"Mwanangu, ukituma kwa namba yangu ya simu, jina langu linatokea?"

"Linatokea, baba."

"Basi tuma huko. Makato yakate. Mimi natoa makato ili jina langu litokee."

Fedha ikaja siku ya tatu, imepungua kidogo. Mbolea ilinunuliwa, ikafika shambani kabla ya mvua. Ile karatasi mzee aliitia motoni mbele yangu, na mjukuu anatazama. Nikamwambia kijana asivunjike moyo, maana elimu aliyoipata kwa dola 20 wengine wameinunua kwa mamilioni. Akaniuliza kama anwani ile ya mwizi bado ipo katika daftari. Nikamwambia ipo, na itaendelea kuwapo. Kila mtu aweza kuisoma, herufi kwa herufi.

Kwa leo yatosha. Wenye swali waniandikie kwa anwani ya zamani, ile ya sanduku la posta, na tafadhali msisahau kuandika jina.

Kwaherini, wasomaji wapenzi, mpaka juma lijalo.